Miaka Mia ya Kuuza Mbichi

Harusi au matanga yakitukutanisha hapa Maine, haipiti saa moja kabla mzee mmoja hajawakumbusha vijana kwamba Butembo, kule kwetu Kongo, ilijengwa bila serikali. Watu wanaitikia, chai inaongezwa, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya parseli. Mzee hasemi uongo. Ila sifa zote anawapa wenye maduka, na waliojaza magari ya wenye maduka hawatajwi. Toleo hili tunaanza na hao, wakulima.

Miaka mia iliyopita Butembo haikuwa mji. Ilikuwa vilima vya Wayira, yaani Wanande kama wengi wanavyotuita, vyenye ulezi, maharagwe na migomba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs ikaweka kambi yake ya dhahabu. Mapadri Waasumpsionisti wakafika 1929, Wabatisti wakajenga misheni ya Katwa, na huko Oicha, katika miaka ya 1930, daktari Mmarekani Carl Becker akaanzisha hospitali ambayo wazee wa Beni wanaitaja mpaka leo. Barabara zilichimbwa kwa kazi ya shuruti. Wakati huohuo Parke ya Albert, tunayoiita Virunga sasa, ilikuwa imeanzishwa 1925 kwenye volkano za kusini, kisha mipaka yake ikasogezwa kaskazini hadi bonde la Semliki na miguu ya Ruwenzori. Babu zetu waliokuwa wakilima kule wakaambiwa wahame. Kesi hiyo haijaisha kichwani mwa watu, na tutairudia.

Kila kizazi tangu hapo kimekuwa na zao lake. Kahawa ilikuja na walowezi, halafu mkulima mdogo akaichukua: arabika juu Lubero, robusta chini Beni. Ikaja kinkina, ambayo ganda lake hutoa kwinini. Yakaja mapapai, na hayo si ya kula. Alfajiri mkulima alilichanja papai bichi kwa wembe, utomvu mweupe ukatiririka kwenye chombo alichokinga chini, ukakaushwa na kwenda Ulaya kulainisha nyama na kung'arisha bia. Utomvu ule unawasha na kuchubua ngozi. Waliolelewa Beni wanaikumbuka mikono ya mama zao, lakini ni wachache walioambiwa utamu wake ulikuwa unaishia wapi.

Mwaka 1973 Mobutu akatangaza Zairianizasio, na maduka ya Wagiriki na Wabelgiji yakagawiwa wakubwa. Sehemu nyingi za nchi maduka hayo yalikufa. Kwetu walikuwepo watu waliokwisha kujifunza biashara kwa kupakia maharagwe na mboga kwenda Kisangani, siku kwa siku katika matope ya Mambasa na Nia-Nia. Mtaji wao wa kwanza ulikuwa gunia la maharagwe lililolimwa na mwanamke wa Lubero. Kwa hilo gunia walifika Dubai, Hong Kong na Guangzhou, wakarudi na vitenge, pikipiki na mabati. Askofu Emmanuel Kataliko alihimiza barabara na shule, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikafunguliwa 1989. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipokuja, wafanyabiashara walitanguliza fedha za forodha kwa waasi ili wapunguziwe ushuru. Tuseme wazi: huo ulikuwa ujanja wa kuokoa mali, na waliobeba mzigo uliobaki ni wasiokuwa na kontena.

Kahawa ya Beni ikafa katika miaka ya 1990. Ugonjwa wa mnyauko ulishika robusta, majani yakajikunja, matawi yakakauka upande mmoja na mkulima akang'oa shamba zima kwa kuni. Badala yake akapanda kakao. Leo kuanzia Mbau hadi Eringeti, na ng'ambo ya Mutwanga, kakao ndiyo minervali, yaani karo ya shule, ndiyo mahari, ndiyo dawa.

Ambaye hajaiona, tumweleze. Tunda linapasuliwa kwa panga, mbegu zinatoka zimefunikwa ute mweupe wenye ladha tamu ya uchachu kidogo. Zinafunikwa kwa majani ya migomba ndani ya sanduku la mbao, siku tano au sita, zikigeuzwa. Joto linapanda lenyewe na harufu ya siki inasambaa nyumba nzima. Halafu zinaanikwa kwenye turubai, mara nyingi kandokando ya barabara, na mtoto anakaa kuwafukuza kuku na kuangalia mawingu. Mbegu zisipopitia siku hizo, hakuna chokoleti itakayotoka humo.

Siku hizo ndizo mkulima wa Beni hana. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamefanya shamba kuwa mahali pa kwenda mbio na kutoka mbio. Hali ya dharura ya kijeshi ilianza Mei 2021, jeshi la Uganda likaingia mwezi Novemba mwaka huohuo, na bado msimu wa mavuno ndio msimu wa matanga. Kwa hiyo mkulima anauza mbichi. Mnunuzi anasimama barabarani na mzani wa kuning'iniza, anataja bei, na mwenye mzigo hawezi kusema atarudi kesho. Sehemu kubwa inavuka mpaka wa Kasindi na kuhesabiwa kuwa ya Uganda. Mwaka 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 10,000 kwenye masoko ya dunia. Wasomaji wenye shangazi Oicha wawapigie simu waulize ngapi zilifika kwao.

Watakaosema haya ni mambo ya kule, watazame dirishani. Wanaokaa Lewiston wanapita kila siku mbele ya matofali mekundu ya Bates Mill. Kiwanda kile kilianzishwa 1850 na kilikuwa cha pamba. Hakuna pamba inayoota Maine. Ilitoka kusini, wakati ule ikivunwa na watumwa, na utajiri ukabaki kwa aliyeisokota. Waliokuja baadaye kufanya kazi ndani ni Wakanada wa Quebec, Wakatoliki wenye Kifaransa chao. Mwaka 1919 jimbo lilipitisha sheria ya kufundisha watoto kwa Kiingereza, isiyofutwa hadi 1969, na miaka ya 1920 Ku Klux Klan ya hapa iliwaandama hao hasa. Kiwanda kilifungwa 2001, mwaka uleule Wasomali walipoanza kuhamia mjini. Juni 2019 mamia ya watu, wengi wao Wakongo na Waangola, walilala kwenye ukumbi wa michezo wa Portland. Baadhi yenu mnaosoma mlikuwa pale. Jimbo hili limebadilika sana kwa karne moja, na hakuna aliyesahau kwamba pesa ya zamani ilitoka kwenye kusokota.

Kwetu pia mfano wa kusindika papo hapo upo, ingawa unachoma. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa mto ulianza 2013, na juu ya umeme huo kikasimama kiwanda cha sabuni ya mawese na kiwanda kidogo cha chokoleti. Aliyeleta umeme ni parke ileile iliyowahamisha babu zetu. Tunawajua ndugu wasiogusa chokoleti ile kwa sababu hiyo, na hatuwalaumu. Lakini kakao iliyochachushwa na kukaushwa karibu na mti wake ni pesa iliyobaki karibu na mti wake, awe nani aliyeweka waya.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Pesa zetu zinakwenda wapi? Msiba, ambao hatuupingi. Minervali ya mpwa. Halafu etaji, nyumba za ghorofa. Butembo imejaa etaji za diaspora zenye vyuma vilivyotokeza juu vikisubiri ghorofa ya tatu. Tangu Goma, makao makuu ya mkoa wetu, ianguke mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025 na ofisi za mkoa kuhamia Beni, vyumba vinatafutwa, na kila mwenye kiwanja anaona amefanya akili. Huenda. Ila mpangaji wa Butembo analipa kodi kwa pesa iliyotoka shambani, na shamba likifungwa mwaka wa pili, etaji haina wa kumkodisha.

Kamati ya jumuiya yetu imependekeza mambo mawili. La kwanza, michango ya mwaka huu itangulie kwenye minervali ya watoto waliokimbia mashamba na kukaa kwa ndugu mjini, kabla ya sherehe yoyote ya jumuiya. La pili, kila familia itakayotaka inunue hisa ndogo katika koperative ya wakulima iliyoko mahali ambapo bado panafikika, zigharamie masanduku ya kuchachushia, turubai na depo yenye kufuli, ili mwenye kakao aweze kungoja siku zake sita akiwa mjini. Hatuahidi faida. Mahesabu yatasomwa mbele ya wote, na pesa hazitapitia mfuko wa mtu mmoja, hata akiwa mzee wa heshima.

Yote mawili yatajadiliwa kwenye mkutano mkuu. Wenye hoja za kupinga waje nazo, hasa wale ambao etaji zao bado hazijaezekwa.