Kabla ya Kukariri, Uliza: Kwa Kila Nini?

Wanachuo wenzangu, hasa sisi tunaosomea ualimu wa fizikia na hisabati, kuna swali moja fupi ambalo madesa yetu yanaliruka: hii namba ni kwa kila nini?

Chukua elektroni iliyofungiwa kwenye boksi lenye urefu wa nanomita 1, ikiwa katika ngazi ya chini kabisa ya nishati. Fomula ya fankisheni yake ya wimbi, ile ψ tunayoisoma sai, wengi wanayo kichwani. Ukitafuta kipeo chake cha pili katikati ya boksi, unapata 2. Hapo ndipo watu wanapoganda. Tangu sekondari tunajua uwezekano hauzidi 1, sasa hii 2 imetoka wapi? Ukitumia mita badala ya nanomita ndiyo balaa zaidi, inakuwa bilioni 2!

Hakuna maajabu. Jibu si 2 tupu, ni 2 kwa kila nanomita. Huo ni msongamano wa uwezekano, siyo uwezekano wenyewe. Ili upate uwezekano lazima uzidishe kwa urefu. Kipande cha nanomita 0.01 pale katikati kinakupa takriban 0.02, yaani asilimia 2. Vizio vimekatana, imebaki namba tupu.

Jambo hili mkazi wa Dar analijua bila kuingia lekcha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu wenye kilomita za mraba 1,393. Ni kama watu 3,865 kwa kila kilomita ya mraba. Mtu wa Mbagala akisikia hivyo hadhani kila kiwanja kina watu 3,865. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kwa wastani huo, kinapata mtu mmoja na nusu. Na anajua pia kwamba msongamano wa Tandale si wa Pugu. Ndivyo ilivyo kwa elektroni: msongamano hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Sasa turudi kwenye ψ. Kama kipeo chake cha pili ni "kwa kila mita", basi yenyewe ni moja chini ya kipeuo cha pili cha mita. Ndiyo maana fomula ya boksi huanza na kipeuo cha pili cha 2/L, siyo 2/L. Aliyesahau alama ya kipeuo kwenye UE anaweza kujigundua mwenyewe, bila desa.

Kuna anayeuliza: mbona hali ya elektroni, |ψ⟩, haina kizio, lakini ⟨x|ψ⟩ inacho? Kizio kimeletwa na hali ya mahali, |x⟩. Hii haipimwi kwa 1 bali kwa delta ya Dirac, na kwa kuwa eneo chini ya delta ni 1, delta yenyewe lazima iwe kwa kila mita. |x⟩ inabeba kipeuo cha hiyo.

Wengine watasema mwalimu wa sekondari hafundishi kwantamu, ya nini yote haya? Nawajibu: uchambuzi wa vipimo tutaufundisha Kidato cha Tano. Mwalimu aliyeuona kama mada ya kupitia haraka ataufundisha hivyo hivyo, na mwanafunzi wake ataamini bilioni 2 kwa sababu kikokotoo kimesema.

Hapa lugha nayo ina mchango wake. Mtihani tunajibu kwa Kiingereza, sawa. Lakini kwenye vikundi vyetu vya kujisomea, tukisema "msongamano" kila mtu anaona daladala ya Gongo la Mboto saa 12 asubuhi, na anajua papo hapo kwamba lazima aulize: msongamano kwenye nafasi kiasi gani? Neno tunalolielewa linafanya nusu ya kazi.

Pendekezo langu ni dogo. Wahadhiri watenge walau alama 1 ya kuhakiki vizio katika kila swali la hesabu. Nasi tukienda mazoezi ya kufundisha, tusipokee namba isiyo na kizio bila kuuliza. Mwanafunzi akisema "2", tumuulize kwa upole: kwa kila nini?