Usikimbilie Kuflashi Simu, Anza kwa Kuondoa Ruhusa



Maafisa ugani tumezoea kuulizwa kuhusu mbegu, mbolea na viwavijeshi. Siku hizi, kuanzia Rulenge na Kabanga hadi Lusahunga na Nyakanazi, tunaulizwa na hili: "Afisa, simu yangu inaandika ina virusi, inataka niisasishe sasa hivi. Nifanyeje?" Wapo wanaosema hilo si suala la ugani. Mimi nasema ni la ugani kabisa. Namba ya mbolea ya ruzuku inakuja kwenye simu, oda ya ndizi inakuja kwenye simu, na hela ya mauzo inaingia humo humo. Anayeichezea simu yako anachezea shamba lako.

Msimamo wangu ni huu: mara nyingi simu hiyo haina kirusi chochote. Ina ruhusa ambayo mwenyewe uliitoa bila kujua, na unaweza kuifuta kwa dakika tano bila kulipa hata shilingi. Kukimbilia kuiflashi ni kung'oa shamba zima kwa sababu ya magugu ya pembeni. Utalipa hela, na unaweza kupoteza namba za wateja, picha za risiti na orodha ya madeni.

Mambo huanza hivi. Unafungua tovuti ya kupakua muziki au kuangalia mpira. Inakuambia ubonyeze "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukibonyeza, umeipa tovuti hiyo kibali cha kukutumia arifa, hata ukiwa umeshaifunga. Ndipo yanapoanza: "Virusi vimepatikana", "Chrome yako imepitwa na wakati", "Zimebaki dakika mbili". Haraka hiyo ni ile ile ya mnunuzi wa butura, anayekubana ukiwa na shida ili usipate muda wa kufikiri.

Shika kanuni hii: tovuti uliyoifungua tu haiwezi kuingia ndani ya simu yako na kuhesabu virusi. Sasisho la kweli la simu liko kwenye Mipangilio ya simu, na la Chrome liko Play Store. Likikujia katikati ya ukurasa wa intaneti, hata likivaa alama ya Google, lihesabu kuwa la uongo. Na ukiona tangazo la kusasisha Flash, jua ni utapeli mtupu. Adobe wenyewe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020.

Sasa tuisafishe. Kama simu iko kwa Kiingereza kinachokuchanganya, ibadilishe lugha kwanza iwe Kiswahili.

1. Dirisha likijitokeza, usibonyeze chochote ndani yake, hata "Hapana" au alama ya kufunga iliyochorwa humo. Ifunge Chrome yenyewe.

2. Ifungue tena Chrome, bonyeza nukta tatu za juu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona majina ya tovuti ulizoziruhusu. Usiyoifahamu, izuie.

3. Rudi nyuma uingie kwenye madirisha ibukizi, uhakikishe yamezuiwa.

4. Kama matangazo yanatokea hata Chrome ikiwa imefungwa, kuna programu mbaya. Ingia Mipangilio ya simu, kisha Programu, utafute iliyoingia siku matatizo yalipoanza, hasa ile isiyo na jina wala picha inayoeleweka. Iondoe. Ikigoma, angalia kama imepewa usimamizi wa kifaa, uifutie, kisha uiondoe.

5. Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, chagua Play Protect, uiache ikague simu.

Yote yakishindikana, hapo sasa nenda kwa fundi, lakini hifadhi kwanza namba na picha zako. Mafundi wetu wanatusaidia sana. Ninachoomba ni mteja aseme: "Fundi, angalia arifa na programu kwanza, kuflashi kuwe mwisho."

Hatari kubwa zaidi ni kulitii tangazo ukapakua hicho linachokiita sasisho. Programu ya namna hiyo ikipewa ruhusa ya kusoma meseji, inaweza kuona namba za uthibitisho unazotumiwa. Ndiyo maana siungi mkono tabia ya kurushiana WhatsApp za mitaani, zile za GB na FM. Mwaka 2021 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kukuta programu hasidi ya Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp. Wana Kagera tunaujua mnyauko wa migomba: panga lililokata mgomba mgonjwa likienda kwa jirani bila kusafishwa, ugonjwa unahamia huko. Faili la programu linalopita simu kwa simu ni panga hilo.

Kama umeshaandika namba ya siri mahali usipopaamini, ibadilishe leo na upige 100 kwa mtandao wako. Meseji ya kitapeli, pamoja na namba iliyoituma, ipeleke 15040. Piga pia *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

La mwisho ni kwa vijana na viongozi wa AMCOS. Mzee akija na simu inayopiga kelele za virusi, msimcheke. Anayechekwa leo, kesho ataficha, na mtajua akiba ikiwa imeshaondoka. Kwenye mkutano ujao wa chama, baada ya ajenda ya pembejeo, tengeni dakika kumi, kila mmoja afungue sehemu ya Arifa kwenye simu yake, anayejua amsaidie asiyejua. Ni jambo dogo, halina gharama, na linalinda jasho la msimu mzima.