BUSTANI YA NYUMBANI: Waridi halifi kwa kukatwa

Mwezi uliopita tuliongea juu ya mboga za kwenye magunia, na tunawashukuru wale waliokuja kutuonyesha lengalenga zao. Mwezi huu wa Agosti tunaacha chakula kidogo. Tutaongea juu ya waridi.

Tunajua wengine watasema: "Hawa wamekosa maneno. Watu wanapanga ndoo kwenye bomba kabla ya jua, wao wanatuletea habari za maua!" Ni kweli. Kambi yetu ya Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994 ilipangwa kwa watu 10,000 mpaka 12,000, na leo tumepita 50,000. Uwanja wa mbele ya nyumba ni hatua tano, sita, basi. Anayepanda ua pale amezinyima nyanya nafasi. Hata sisi wawili, mume na mke tunaoandika ukurasa huu, tuligombana juu ya jambo hilo. Ugomvi wenyewe tunawasimulia, maana ndani yake mna somo la mwezi huu.

Tulikuwa na jirani, mama wa Uvira. Kwenye uzio wa matete kati ya nyumba yake na yetu alikuwa na waridi jekundu, lile la kutambaa. Alilipanda mwaka ule aliomzika binti yake hapa. Kila asubuhi maji ya kusuuzia vyombo aliyapeleka pale. Mwaka 2019 majina yao yakatoka, wanakwenda Kanada. Sufuria na viti aliviuza. Sisi alitushika mikono akasema: "Mniangalizie ua langu." Tukasema ndiyo, mama.

Sasa sisi tulielewa kwamba kuangalia ni kutoligusa. Tulimwagilia maji, basi. Kukata hata tawi moja tuliona ni kama kumkata yule mama mwenyewe. Mwaka wa kwanza likachanua vizuri. Mwaka wa pili maua yakapungua. Mwaka wa tatu lilikuwa pori. Chini mashina makavu ya kijivu, katikati matawi yamesongana kama nywele zisizochanwa, na maua manne, matano tu juu ya paa, ambako wanaoyaona ni kunguru. Majani yakashika madoa meusi, yakadondoka. Halafu siku moja mwiba ukamchana mtoto wetu wa mwisho, karibu kabisa na jicho.

Hapo mmoja wetu akasema: "Kesho linang'olewa. Tunapanda nyanya." Mwingine akasema: "Na yule mama akipiga simu, utamjibu nini?" Siku mbili hatukusemezana vizuri ndani ya nyumba.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja wa Bukavu, ambaye zamani alitunza bustani za watu huko kwetu. Alilizunguka lile waridi, akacheka. "Mmoja anasema ng'oa, mwingine anasema acha. Hakuna hata mmoja aliyesema kata?" Tukamwambia tunaogopa litakufa. Akajibu: "Waridi halifi kwa kukatwa na mtu anayejua. Linachoka kwa kuachwa. Maua yanataka chipukizi jipya. Matawi mazee yakijaa, chipukizi litatokea wapi?"

Haya ndiyo aliyotufundisha, na tangu mwaka ule wa 2022 tunayafanya kila mwaka.

Kwa nini Agosti?

Kule Bukavu tuko karibu na ikweta. Waridi linaweza kuchanua karibu mwaka mzima, na mtu anakata kidogo kidogo. Hapa Malawi tuko kusini zaidi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane ni baridi na ukavu, na waridi linapunguza mwendo. Septemba joto linaingia na macho ya matawi yanavimba. Hayo ndiyo majira ya machipuko ya huku. Unakata kabla kidogo, mwisho wa baridi, ili nguvu yote iende kwenye macho uliyoyachagua wewe. Ukichelewa mpaka Oktoba, waridi limekwisha kulisha machipukizi ambayo utayatupa. Ndugu zetu walioko kwenye nchi za theluji nao wanangoja baridi kali ipite, mwezi wa nne hivi, lakini kanuni ni ile ile. Angalieni macho ya mti kuliko kalenda.

Namna ya kukata

Kwanza, kisu. Wenye mkasi wa bustani ni wachache, sisi tulitumia kisu cha jikoni, na kwa mashina manene tuliazima msumeno mdogo wa seremala. Kiwe kikali. Kisu butu kinaponda, na palipopondwa panaoza. Kioshe, kisha kipitishe kwenye moto au kifute kwa spiriti, na ufanye hivyo tena ukitoka kwenye mti mgonjwa kwenda kwenye mzima. Mikononi zungusha kitambaa kizito.

Pili, toa vilivyokufa. Kama huna hakika, kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, tawi liko hai. Ukiona kahawia na ukavu, limekufa. Endelea kukata kushuka chini mpaka uone ndani pamekuwa peupe.

Tatu, toa matawi yanayosuguana, na yale membamba kuliko penseli. Hayo yanakula, hayazai.

Nne, mashina mazee. Usiyatoe yote kwa mwaka mmoja. Mzee alitoa mawili kutoka chini kabisa, akaacha matano yenye nguvu. Mwaka uliofuata tukatoa jingine, na chipukizi jipya likashika nafasi yake.

Kila unapokata, tafuta jicho linalotazama nje. Kata juu yake kama nusu sentimita, na mkato uinamie upande wa nyuma ya jicho, maji yasisimame juu yake. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka, na ukavu unaweza kushuka.

Kama waridi lako ni la kichaka, siyo la kutambaa, kazi ni fupi. Acha mashina manne au matano mazuri, uyakate kimo cha goti, na katikati pabaki wazi kama bakuli ili hewa ipite.

Tusiwafiche, siku ile ilikuwa ngumu. Watoto walilia. Mmoja wetu aliingia ndani asione. Lundo la miiba lilijaa mlangoni, na kwenye uzio zikabaki fimbo tano tu. Jirani mwingine akapita akasema, "Mmeliua."

Namna ya kulaza matawi

Hapa ndipo siri ya waridi la kutambaa. Tawi likisimama wima, nguvu yote inapanda kwenye ncha. Ncha inayazuia macho ya chini yasiamke, kama mtoto mkubwa anayekalia sufuria, wadogo zake wanabaki kutazama. Ndiyo maana maua yetu yalikuwa juu ya paa tu. Lakini ukililaza tawi kando ya uzio, ncha haina tena ukubwa huo. Kila jicho linapata zamu yake, linatoa tawi fupi, na tawi hilo linatoa maua.

Mzee alilaza matawi mawili upande wa kushoto na mawili kulia, kama vidole vilivyotanuliwa. La tano alituachia sisi, akaenda zake. Sisi kwa haraka yetu tukalivuta mara moja, pa! likavunjika. Kwa hiyo msikie makosa yetu. Tawi linainamishwa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, leo kiasi hiki, kesho kutwa kiasi kile. Shina nene lililokomaa usilipinde kwa nguvu, chagua changa linalokubali.

Kufungia, tumia vipande vya kitenge kilichochakaa, hicho wenyeji wanachoita chitenje, au mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Zungusha kama namba 8, upande mmoja uzio, upande mwingine tawi, na uache nafasi ya kupitisha kidole. Waya hapana. Tawi likinenepa, waya unalikata. Yale matawi mafupi ya pembeni yaliyochanua mwaka jana, yakate yabaki na macho mawili au matatu.

Baada ya kukata

Okota majani yote yenye madoa meusi, uyachome. Ukiyaacha chini, mvua itaurudisha ugonjwa juu. Weka mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, isiguse shina, na juu yake maganda ya karanga au nyasi kavu ili unyevu usikimbie.

Na maji, ambayo ndiyo ugomvi wenyewe. Waridi halihitaji maji ya kunywa ya watoto. Maji ya kusuuzia mchele, mboga na vyombo yanatosha, lakini siyo yale yenye omo nyingi. Kusanya kwenye ndoo, umwage pale kwenye shina, siyo juu ya majani, maana majani yaliyoloana yanaalika madoa. Sisi tunatoa ndoo moja mara mbili kwa wiki mpaka mvua za Novemba zianze. Ukiona vidudu vidogo vya kijani vimejazana kwenye ncha changa, viponde kwa vidole au uvioshe kwa maji yenye sabuni kidogo sana.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko kulikotushinda. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu. Mmoja wetu alikuwa anakwenda kukwangua ganda kila asubuhi, mpaka mwenzake akamkataza. Wiki ya tatu tukaona kwenye matawi vitone vyekundu, vimepangana kama shanga. Mwezi wa kumi ulipoanza, uzio mzima ulikuwa mwekundu, kimo cha kifua cha mtoto. Na kwa sababu waridi sasa lilikuwa limelala kwenye uzio badala ya kutanuka uwanjani, tulipata nafasi ya nyanya sita, hatua moja kutoka pale. Ugomvi ukaisha.

Kitu kingine, msitupe vyote mnavyokata. Mzee alichagua kwenye lundo lile vijiti 12 vyenye unene wa penseli na urefu wa shubiri moja. Tukavichomeka kwenye udongo wenye mchanga, theluthi mbili ndani, theluthi moja nje, macho yatazame juu. Juu yake tukafunika chupa za plastiki zilizokatwa, tukaviweka kivulini, udongo usikauke. Vijiti saba vilikufa. Vitano vilishika mizizi baada ya miezi miwili hivi. Vinne tuliwapa majirani, na wa kwanza kuomba alikuwa yule aliyesema tumeliua. Cha tano tulikiweka kando.

Yule mama alipopiga simu kutoka Kanada, tulitazamana nani atamwambia. Mwisho tukamwambia ukweli, mama, ua lako tumelikata, tena sana. Akanyamaza. Halafu akauliza: "Mmelikata wakati wa baridi?" Ndiyo, mama. "Basi vizuri. Mimi nilikuwa nalikata kila mwaka, asubuhi mapema, ninyi mmelala. Mlifikiri linajikata lenyewe?"

Tulicheka wote, huko na huku. Kisha tukamwambia juu ya kile kijiti cha tano. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokolea, tulikipeleka kwenye kaburi la binti yake, tukakipanda upande wa kichwa. Hapo hakucheka tena. Alisema tu: "Mwaka kesho mkikate na hicho." Mpaka leo tunakikata.

Swali la msomaji

Mama mmoja anatuuliza: "Waridi langu nililonunua limetoa tawi refu kutoka chini ya udongo. Majani yake ni madogo, tofauti na mengine, na halichanui. Nifanye nini?"

Mama, waridi lako limeunganishwa. Juu ni ua ulilolinunua, chini ni mizizi ya waridi la mwitu. Hilo tawi ni la mwitu, na ukiliacha litakula chakula chote mpaka ua lako life. Usilikate usawa wa udongo, litarudi na wenzake. Fukua mpaka uone linapotokea kwenye mzizi, ulivute ling'oke lote. Wale waliopanda vijiti kama sisi hawana shida hiyo, kwa sababu juu na chini ni mti mmoja.

Basi wapendwa, mwezi haujaisha. Noeni visu. Mwenye waridi na anaogopa, aje atuone, tutakwenda kulikata pamoja. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya kitalu cha nyanya kabla ya mvua. Kaeni salama.