Askari Mbele ya Meza ya Usaili

Askari aliyefunzwa vema haendi doria kabla ya kuijua ardhi atakayoikanyaga. Huuliza njia, huuliza vivuko, huuliza ni nani wakaao kando ya barabara, ndipo atoke. La ajabu ni kwamba askari huyo huyo, akiitwa kwenye usaili wa kazi katika kampuni ya simu hapa Juba, huenda mikono mitupu, akitumaini kwamba cheo chake cha zamani au jina la mjomba wake litamfungulia mlango. Tabia hiyo ni hasara kwake, na ni hasara kwa taifa.

Jambo hili si dogo. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uliagiza kuundwa kwa majeshi ya pamoja, na kwamba wasioingizwa humo waweke silaha chini na kurejea katika maisha ya kiraia. Kundi la kwanza la majeshi hayo lilihitimu hapa Juba tarehe 30 Agosti 2022. Hapana shaka kwamba si kila aliyeshika bunduki atazeeka nayo. Tena mwaka 2024, bomba la mafuta lilipoharibika katika nchi jirani ya Sudani, mishahara ya watumishi wa serikali ilichelewa kwa miezi mingi. Mwenye tegemeo moja tu alionja siku zile uchungu wa kutokuwa na la pili.

Sasa tumtazame huyo mkuu wa mitambo atakayekaa upande wa pili wa meza. Wengi hudhani kwamba mawazo yake yote yako katika kompyuta. La, hasha. Umeme wa gridi haujaenea katika nchi yetu, kwa hiyo mnara wa simu ulioko mbali na mji huishi kwa jenereta ya dizeli, betri na nguvu za jua. Dizeli ikiibwa, mnara hunyamaza. Mvua ikikata barabara, lori la mafuta halifiki. Mkuu huyo hulala akiwaza mapipa, walinzi na matope. Je, ni nani aliyezoea mambo hayo kuliko askari?

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini katika chumba cha usaili, chema kisichosemwa hakionekani. Kwa hiyo hapana budi kujitayarisha.

Kwanza, ijue kampuni. Jua kwamba MTN ina asili ya Afrika Kusini, kwamba Zain ina makao yake Kuwait, na kwamba Digitel ilianza kazi mwaka 2021. Jua kwamba Vivacell ilifungiwa mwaka 2018 kwa sababu ya mgogoro wa ada ya leseni, na kwamba mwaka 2020 mkongo wa mawasiliano ulifika Juba kutoka mpaka wa Uganda. Ajuaye hayo huuliza maswali ya maana, na muulizaji mzuri hukumbukwa.

Pili, eleza kazi badala ya cheo. Kusema "nilikuwa sajini" hakumwambii mkurugenzi lolote. Mweleze ulikuwa na watu wangapi chini yako, ulitunza lita ngapi za mafuta kwa mwezi, na hesabu zako zilikaguliwaje. Polisi aliyeandika daftari la matukio kituoni kwa miaka mingi, bila kuruka saa wala jina, ana ujuzi ambao kila kampuni huutafuta.

Tatu, linda siri. Eleza ustadi wako bila kutaja silaha, idadi wala mahali pa kikosi chako. Anayemwaga siri za jeshi ili asifiwe anamwonyesha mkurugenzi jinsi atakavyomwaga siri za wateja kesho.

Nne, sema kweli. Ukiulizwa usilolijua, jibu kwamba hulijui na kwamba uko tayari kujifunza. Ukiulizwa kosa ulilowahi kulitenda, litaje, kisha eleza ulivyolirekebisha.

Tano, acha amri mlangoni. Huenda mkurugenzi huyo akawa binti wa umri wa mwanao, au mgeni kutoka Nairobi au Kampala. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wenzetu wa Jumuiya tunafanya nao kazi kila siku. Kiingereza cha barua, Kiarabu cha Juba na Kiswahili ulichojifunza ukimbizini vyote ni mali. Vitaje.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno matupu, kwa kuwa kazi hugawanywa kwa undugu. Hatukatai kwamba jambo hilo lipo. Lakini ndugu aweza kukufikisha mlangoni tu. Swali la jenereta iliyozimika usiku wa manane hatakujibia. Na anayeingia kwa undugu pekee hutoka siku ndugu huyo anapotoka.

Hata hivyo, mzigo huu usiachwe mabegani mwa askari peke yake. Yuko aliyetumia redio ya mawasiliano kwa miaka kumi, akaitengeneza vitani kwa waya na bisibisi, naye hana hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha hayo. Yafaa makamanda wampe kila anayeondoka hati inayotaja ujuzi wake, si miaka ya utumishi tu. Waajiri nao wampime kwa mikono yake pia, maana wengi wa kizazi hiki walinyimwa shule na vita ambavyo hawakuvianzisha.

Ndugu askari, ndugu polisi: uliyalinda maisha ya watu kwa utaratibu na subira. Kaa leo jioni, chukua kalamu, uandike yale unayoyaweza. Siku utakayoitwa, usiende kuomba huruma. Nenda kueleza kazi.