Daftari la wiki: Wosia wa kijana wa miaka 22

JUMATATU. Kijana anayeninakilia nyimbo kwenye flashi aliniuliza safari hii naongeza nini. Nikamtajia Arthur Lee. Akaandika, akatazama skrini, akanigeukia: "Mzee, huyu na Bruce Lee ni ndugu?"

Sikuwa na haki ya kumcheka, maana mimi mwenyewe nilimjua Lee akiwa tayari marehemu. Alifariki tarehe 3 Agosti 2006 kwa saratani ya damu, mjini Memphis, Tennessee, mji uleule aliozaliwa miaka 61 kabla. Kilele chake kilikuwa Los Angeles miaka ya sitini, akiwa mwimbaji na kiongozi wa bendi ya roki iliyoitwa Love. Jina hilo nalo ni balaa. Jaribu kulitafuta kwenye intaneti, utaletewa nyimbo zote za mapenzi tangu dunia iumbwe.

JUMANNE. Flashi imejaa, kazi nyingine zimelala. Nimesikiliza Forever Changes, santuri ya Love, mara tatu.

Santuri hiyo ilirekodiwa Hollywood kati ya Juni na Septemba 1967, wakati vijana wa California wakivaa maua kichwani na kuhubiri amani. Lee alikuwa na umri wa miaka 22, na alikwishajishawishi kwamba yuko karibu kufa. Hakuwa mgonjwa. Basi akakaa akatunga kama mtu anayeandika wosia. Asiyelijua hilo atasikia gitaa kavu, fidla na tarumbeta, adhani ni muziki wa kupunga upepo jioni. Akitega sikio kwenye maneno atakuta vita, damu na mtu anayezihesabu siku zake.

Fidla ndizo zilizoninasa. Sikio lililolelewa na taarabu halina subira na fidla za kujazia, zile zinazomiminwa juu ya wimbo kama sukari kwenye uji. Hapa zinajibizana na mwimbaji, mara nyingine zinambishia. Aliyezipanga ni David Angel, lakini nyingi zilitoka kichwani mwa Lee: alimwimbia Angel mdomoni kila alichotaka kisikike.

Santuri hiyo nusura isipatikane. Wanabendi walikuwa wamelegea kiasi kwamba kampuni yao ya santuri, Elektra, ilikodi wapigaji wa studio kwa nyimbo mbili za mwanzo kurekodiwa. Wenyewe wakawekwa pembeni kutazama watu baki wakipiga nyimbo zao. Ile aibu iliwaingia. Zilizobaki walizipiga wenyewe, na ukisikiliza huwezi kuamini kuwa ni watu walewale waliokuwa wamelegea.

JUMATANO. Rafiki yangu mpenzi wa roki ananiambia Love walidhulumiwa. Nakubaliana naye nusu.

Hesabu zenyewe zinasikitisha: Forever Changes ilifika nafasi ya 154 Marekani, na ya 24 Uingereza. Lakini Lee hakupenda kusafiri. Bendi nyingine zilipokuwa zikizunguka nchi nzima kutafuta wasikilizaji, yeye alibaki Los Angeles. Muziki wa roki wa wakati ule uliuzwa barabarani. Tena ni yeye aliyemhimiza Jac Holzman, mwenye Elektra, akawatazame vijana fulani wa mjini humo walioitwa The Doors. Holzman akawasajili, na Julai 1967 wakashika namba moja Marekani. Kampuni ileile, ambayo Love ndiyo ilikuwa bendi yake ya kwanza ya roki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona.

Nusu ya pili ndiyo ya dhuluma. Lee alikuwa Mweusi, na mpiga gitaa wake Johnny Echols vilevile, wakipiga pamoja na Wazungu mwaka 1965, katika nchi ambayo hata stesheni za redio ziligawanywa kwa rangi. Kuna kumbukumbu ndogo ninayoipenda: wimbo My Diary wa mwimbaji Rosa Lee Brooks, uliotungwa na Lee. Gitaa humo limepigwa na kijana ambaye bado hakuna aliyemjua, Jimi Hendrix. Hendrix ilimbidi aende London ndipo Wamarekani wamwone. Wakati ule Lee hakwenda.

ALHAMISI. Umeme umekatika mchana kutwa. Mchuuzi wa barafu kapata siku yake.

IJUMAA. Tatizo la wosia ni pale mwenye wosia asipokufa. Lee aliishi karibu miaka 39 baada ya ule wake, akitoa santuri nyingine ambazo hata mimi ninayempenda sizirudii. Mwaka 1996 alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kosa la silaha, akatoka Desemba 2001. Alipokuwa ndani, mwaka 1998 pekee, wenzake wawili walifariki: mpiga besi Ken Forssi mwezi Januari, na Bryan MacLean, mtunzi wa pili wa bendi, siku ya Krismasi.

Alipotoka alifanya alichokikataa ujanani: akasafiri. Mwaka 2002 baadhi ya wabunge wa Uingereza waliwasilisha hoja ya kumsifu, na Januari 2003, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, akaimba Forever Changes yote, fidla na tarumbeta zikiwa jukwaani. Nimeisikiliza rekodi ya usiku ule. Sauti imekwaruza kidogo, na kwa masikio yangu maneno ya mauti yanamkaa vizuri zaidi mtu mzima aliyetoka jela. Miaka mitatu baadaye, damu ilipougua, wanamuziki walimfanyia onyesho la mchango New York, Robert Plant akiwa miongoni mwao.

JUMAMOSI. Nimemrudia kijana wangu wa flashi. Anasema amejaribu wimbo wa kwanza, Alone Again Or, na ameupenda. Nikamwambia huo ameutunga MacLean, mtoto wa mcheza flamenco, ingawa sauti ya Lee ilipandishwa juu ya yake wakati wa kuchanganya. Nawe msomaji, ukiipata santuri hii, anza mwisho: You Set the Scene, karibu dakika saba. Huo ni wa Lee mwenyewe.