Mwanamume Husimamishwa, Mwanamke Hulazwa

“Uko safi, mama. Altrasaundi haionyeshi kitu.”

Maneno hayo siku hizi ni hukumu. Anayeambiwa hivyo hutoka na bahasha ya picha na dozi nyingine ya antibaotiki kwa ajili ya “UTI sugu” ambayo hakuna aliyeotesha mkojo kuithibitisha. Nyumbani wataita chango na kumchemshia mizizi. Akilalamika tena, basi anadeka. Kipimo kimesema, nani atamsikiliza yeye?

Mimi kipimo hicho sikiamini, na sababu yangu ni jirani yangu anayekaanga samaki. Ana watoto wanne. Asubuhi hana neno. Ikifika alasiri, baada ya kusimama jikoni tangu alfajiri, nyonga inamvuta, kinena kinakuwa kizito kama kitu kinataka kudondoka. Baada ya tendo la ndoa ndiyo kabisa. Akijilaza mkekani, miguu juu ya mto, anapata nafuu. Sasa tazama anavyopimwa: anakwenda hospitali asubuhi, amelala usiku kucha, anapandishwa kitandani, analazwa chali, halafu unatafutwa ugonjwa ambao dawa yake pekee anayoijua ni kulala chali. Ungeonekana wapi?

Damu ya kwenye ovari hurudi juu kwa kupanda, na vena, yaani mishipa inayoirudisha, zina valvu za kuizuia isishuke. Mimba huzitanua vena hizo kupita kiasi, na kwa baadhi ya wanawake, hasa waliozaa mara kadhaa, valvu hazifungi tena sawasawa. Akisimama, damu inashuka na kutuama nyongani kama maji ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika. Akilala, inaondoka. Si jambo la jana: Howard Taylor, daktari wa wanawake wa Marekani, aliandika kulihusu mwaka 1949.

Na ugonjwa huu una ndugu wa kiume. Vena ya korodani ya kushoto humwaga damu kwenye vena ya figo ya kushoto, sawasawa na ile ya ovari ya kushoto. Mwanamume akivimba mishipa hiyo, daktari humwambia asimame, abane pumzi, asukume kama aliye chooni, ndipo daktari ampapase. Hilo hufundishwa darasani, kwa kuwa mgonjwa akilala uvimbe hunywea. Sidai kuna watu walikaa kikao wakapanga kumpunja mwanamke. Korodani zinashikika, ovari zimejificha. Lakini elimu ni ile ile, damu ni ile ile, na anayelazwa na kuambiwa yuko safi ni mmoja tu.

Lugha nayo haitusaidii. Kwetu mshipa ni njia ya damu, ni neva, na kwa watu wa pwani ni busha. Mwanamke akisema “mishipa inaniuma” huandikiwa vitamini za neva. Aseme mishipa ya damu, aseme maumivu huanza saa ngapi na humwachia akiwa amekaaje. Na kama ana mafundo ya mishipa kwenye mashavu ya uke au nyuma ya paja, ayaonyeshe. Wengi huyaficha kwa haya, na hayo ndiyo ushahidi pekee unaoonekana kwa macho. (Mjamzito asiingiwe na hofu: mafundo ya uke yanayotokea katika ujauzito kwa kawaida hunywea wiki chache baada ya kujifungua, na peke yake si sababu ya kupasuliwa.)

Si kila nyonga inayouma ni vena. Kuna uvimbe wa kizazi, kuna endometriosisi, kuna saratani, na wapo wenye vena pana wasioumwa hata siku moja. Kwa hiyo daktari wa wanawake ndiye wa kuanza naye. Kosa ni kuishia kwake. Anayeziba vena hizi ni daktari wa radiolojia tiba: hupitisha mrija mwembamba shingoni au kinenani, akafika kwenye vena mbovu, akaifunga kwa koili ndogo za chuma, bila kupasua tumbo. Njia hiyo iliripotiwa mwaka 1993. Fani yenyewe ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 2018, kwa hiyo wataalamu bado ni wachache, na bila barua ya rufaa huwaoni. Barua haiandikwi kwa mtu “aliye safi”. Ndiyo maana nagombana na neno hilo.

Jirani yangu alirudi kupimwa saa kumi na moja jioni, kanga bado inanuka mafuta, akaomba apimwe amesimama kwa altrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inakwenda upande gani. Mpimaji alisema hajawahi kuombwa hivyo. Akavuta kiti, akamwambia abane pumzi na kusukuma. Vena ya kushoto: milimita nane, na damu inashuka.

Sasa anasubiri rufaa. Samaki bado anakaanga, na anakaanga amesimama.