TUHESABU CHEMCHEMI ZA MIKELENGE



Siku hizi tunasikia sana neno "mji wa akili", ile wanaita kwa Kifaransa ville intelligente. Maana yake ni mji ambamo masini zinapashana habari. Bomba la maji likipasuka, ofisi inajua mara moja pahali lilipopasuka. Mgonjwa akiingia hospitali, habari inafika upesi kwa wakubwa wa afya. Tulibishana juu ya neno hili kelasini, na wenzetu wengine walicheka: "Mji wa akili hapa Kindu? Shi umeme iko wapi?" Kicheko chao kina haki nusu. Juu ya ile nusu ingine ndiyo tunaandika.

Sisi tunaona hivi: zile masini zinafaa kwa sababu zinajulisha mji mambo yake, na kufikisha habari kwa mtu anayeweza kutenda. Kazi hiyo ya kujua inaweza kuanza Mikelenge sasa, kwa daftari, kalamu na telefone chache, na tunataka ianze na maji.

Tuulize kwanza: Mikelenge ina watu wangapi? Mmoja atasema hivi, mwingine atasema hivi. Hesabu kubwa ya watu wote wa nchi yetu ilifanyika mara ya mwisho mwaka 1984. Wakati ule nchi iliitwa Zaire, na Maniema haikuwa bado mkoa; ilikuwa ndani ya Kivu mpaka 1988. Wazazi wetu wengi walikuwa watoto wadogo, ama hawajazaliwa. Tangu pale vita vimepita, watu wamekimbia vijiji wakaja mjini, kartie zimepanuka, na watu wanakisia tu. Basi mtu akija na mali ya kuchimba kisima, atajua namna gani wapi shida inapita pengine? Atachimba karibu na njia ya motokari, kwa sababu pale ndipo alipofika.

Mfano mzuri wa kazi hii ulitokea pasipo masini hata moja. Mwaka 1854, mwisho wa mwezi wa nane, kolera iliingia katika mtaa wa Soho, mjini London. Kwa siku kumi tu walikufa watu zaidi ya 500. Waganga wengi wa wakati ule walisema ugonjwa unatoka katika hewa mbaya, katika harufu. Munganga mmoja, John Snow, hakuamini hivyo. Alichukua majina ya wafu na nyumba zao, akaona karibu wote walichota maji kwenye pompa moja ya Broad Street. Karibu pale palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi karibu 70, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Juu ya nini? Walikunywa pombe ya kazini, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Tusisikie mtu akichukua habari hii kuitetea pombe.) Tarehe 8 mwezi wa tisa wakubwa wa mtaa waliondoa mkono wa ile pompa. Baadaye Snow alionyesha mambo hayo katika karte: kila mfu ni mstari mdogo mweusi mbele ya nyumba yake. Mtu akitazama karte ile anaona mistari inazunguka pompa kama mchwa unaozunguka sukari.

Lakini mtu tunayempenda zaidi katika habari ile ni pasta Henry Whitehead, kijana wa kanisa la pale Soho. Yeye alifikiri Snow anakosea, akaanza kutafuta habari ili kumpinga. Alipita nyumba kwa nyumba, nyumba zingine mara nyingi, akiuliza: nani aliugua, alikunywa maji gani, siku gani. Watu walimjibu kwa sababu walimjua. Alikuwa amewazika ndugu zao. Kadiri alivyouliza, habari zilimwonyesha kwamba Snow ana haki. Ni yeye aliyegundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua mbele ya wengine, na maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo karibu na kile kisima. Walipochimba, waliona uchafu wa shimo unapita ndani ya kisima. Habari za mji zilikusanywa kwa miguu ya mtu aliyeaminiwa.

Wandugu, hapa kwetu kolera si hadithi ya Wazungu. Sisi watu wa kando ya Lualaba tunaijua. Inaweza kuua mtu katika siku moja asipopata maji ya chumvi na sukari ama serum. Kwa hiyo mgonjwa wa siku ya kwanza akijulikana siku ya tano, habari imefika imechelewa. Hapo telefone inakuwa chombo cha afya kweli: neno moja fupi kutoka kituo cha afya, na pahali mgonjwa anapochotea maji. Lakini pahali hapo pakiwa hapana jina wala namba katika daftari lolote, ile mesaje itasema nini? "Kuna mgonjwa kule chini, karibu na mwembe"? Miembe ya Mikelenge iko mingapi?

Wengine wanasema kazi hii ni ya serikali na ya watu waliosoma sana. Tazameni Dar es Salaam. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakaaji wa mitaa, walitembea katika mitaa inayojaa maji ya mvua, Tandale na mingine, wakiandika mifereji, njia na nyumba. Kazi ile iliitwa Ramani Huria (ramani ni ile sisi tunaita karte), na yale waliyoandika yaliwekwa wazi, kila mtu ayatumie bure. Nairobi vilevile: wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu wakiwa na telefone mkononi, na mwaka 2014 ikatoka karte ya njia zaidi ya 130, ambayo haikuwako mbele. Ni kweli wale walikuwa wa chuo kikuu na walisaidiwa na watu wenye mali. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutembea, kuuliza, kuandika, kurudi tena.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka mwalimu wa fizike alipolieleza. Telefone yenye GPS haihitaji yunite wala rezo ili ijue pahali ilipo. Inasikiliza tu setelite zinazozunguka juu sana, kilometre 20.000 na zaidi, na kupima wakati ambao sauti zao zinatumia kufika. Inakosea metre chache tu. Kwa hiyo tunaweza kuandika namba za chemchemi bila kulipa kitu, na kuzituma siku tukipata rezo.

Sasa neno gumu. Daftari la majina linaweza kumsaidia mtu, na linaweza kumwua. Jirani zetu wa Rwanda walipewa na Wabelgiji, katika miaka ya 1930, vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu. Mwaka 1994 vitambulisho vile vile viliombwa penye vizuizi vya njia, na mtu alikufa kwa neno moja lililoandikwa pale. Karani wa kwanza hakuua mtu, aliandika tu. Kwa hiyo sisi tunashika sheria hii: tutaandika maji, hatutaandika watu. Hakuna jina la mwenye nyumba, wala kabila, wala kanisa, wala nani ana nini. Mama akituuliza, "Ninyi ni watoto ya nani, munaandika nini?" tutamwonyesha daftari alisome. Kama hajui kusoma, tutamsomea. Akikataa, tunafunga daftari na kumshukuru.

Mambo ya kuandika ni machache: jina ambalo mama wenyewe wanaiita chemchemi, avenu iliyo karibu, dakika ngapi kujaza bidoni ya litre 20, kama inakauka mwezi wa saba, na choo kilicho karibu kiko hatua ngapi, kwa maana wanaoshughulika na maji wanashauri choo kisikaribie chini ya metre 30. Wasichana wa kelasi ya tano watuongoze, kwa sababu wao ndio wanaozijua chemchemi zote, na saa gani foleni ni ndefu. Sisi wavulana tunazijua siku ya kuoga tu.

Kopi moja itakwenda kwa burgumestri, moja kwa zone ya afya, moja itabandikwa mlangoni pa shule. Ndugu wa Kasuku na Alunguli wakitaka, watufuate. Bwana Prefe, tunaomba ruhusa ya siku tatu za posho, kisha masomo. Wa kelasi ya sita tumewaacha juu ya Egzetat. Telefone zenye GPS tumepata tano, saa tunayo, bidoni iko. Kamba ya metre 30 bado hatuna. Aliye nayo alete kwa mwalimu wa jeografia.

Wanafunzi wa kelasi ya tano